Matembezi mepesi Uganda: bustani, mbuga na kandokando ya maziwa. Karibuni mchangie

Mguu wa Mwanza (mwenye uzi)

Wakuu, habari za Jumapili.

Mimi ni mtu wa Mwanza, niko Kampala mwaka wa kumi na moja sasa, kazi yangu ni makaratasi ya mizigo inayotoka Dar na Mombasa. Siku nzima nimekalia kiti. Miaka miwili iliyopita nilianguka na bodaboda, goti la kushoto likavimba kama boga. Daktari alipokuja kuniruhusu alisema neno moja tu: tembea, ila milima uiache na lami uikwepe. Sasa Kampala ukitoa vilima na lami kinabaki nini? Ikabidi nianze kutafuta tambarare yenye majani.

Uzi huu si wa wapanda Rwenzori. Kipimo changu ni kimoja: mama wa miaka sitini na nane aliyevaa gomesi, lile gauni refu la kina mama wa Kiganda, aweze kumaliza njia bila kuita boda. Mama huyo yupo, ni Ssenga, shangazi wa mke wangu kwa upande wa baba. Mke wangu ana duka, Jumapili ndiyo siku yake ya mauzo. Mamamkwe ndiyo kabisa, wanaojua mila za Kiganda wanajua mkwe wa kiume na mamamkwe hawasogeleani. Kwa hiyo mwenzangu ni Ssenga, na hachoki kabla yangu.

Shida ya kwanza wala haikuwa goti, ilikuwa maswali. Ukionekana barabarani unatembea na huna mzigo, kila boda anapunguza mwendo: "Ssebo, tugende?" yaani bwana, twende? Ukijibu hapana, natembea tu, anakutazama kama mtu aliyetoka kupokea habari ya msiba. Na Kiswahili chetu kinachangia. Nikisema nimekuja kutembea, mtu anaelewa nimekuja kumsalimia, nitakunywa chai na pengine nitaondoka na kuku. Kutembea kusiko na mwenyeji kunawatatiza watu.

Nianze na Entebbe, maana ndipo tunapokwenda mara nyingi. Bustani ya mimea iko pale tangu 1898. Wakoloni waliianzisha kujaribu mazao ya kigeni, mpira, kakao na mengineyo, waone yapi yatakubali udongo wa huku. Ni eneo la ekari kama mia moja, linateremka polepole kutoka mjini hadi ukingo wa Ziwa Victoria. Mteremko wenyewe ni wa kistaarabu, goti halilalamiki. Juu kuna nyasi fupi na miti iliyopandwa kwa nafasi, chini kuna kipande cha msitu wenye giza, kamba za miti zinaning'inia na mizizi imesimama kama kuta. Mbega weusi kwa weupe wanakaa juu kabisa, mkia mrefu unaning'inia kama taulo lililosahaulika kwenye kamba. Hondohondo utawasikia kabla ya kuwaona, wakiruka mabawa yanavuma kama mtu anayepepea mkaa.

Sasa tumbili. Ssenga alinunua gonja mbili, zile ndizi za kuchoma, kituoni, akaifungua ya kwanza tulipoketi. Tumbili mmoja jike, mwenye mtoto tumboni kakumbatia, akaja akakaa hatua tano kutoka kwetu, akatazama pembeni kabisa, kama abiria anayesubiri teksi. Ssenga akaanza kunisimulia habari za arusi fulani. Alipoinua mkono kuonyesha ukubwa wa keki, gonja ikaondoka. Hakukimbia hata, alitembea. Mtoto bado tumboni. Ssenga akasema, "Huyu ana mtoto, mwache," halafu akaificha ya pili ndani ya mkanda wa gomesi na hakuitoa mpaka tulipofika nyumbani.

Ukishuka hadi majini njia inafuata ukingo. Pana yungiyungi, wavuvi, na kuna miezi wale wadudu wa ziwani wanapanda angani kama moshi, kwa mbali unaweza kudhani kuna mtumbwi unaungua. Ukiwaona upepo unawaleta upande wako, funga mdomo. Pale ukingoni Ssenga ana kituo chake. Kila mara anasimama mahali pale pale, anatazama maji kwa dakika kadhaa, hasemi kitu, halafu tunaendelea. Mimi hutumia nafasi hiyo kunyoosha goti.

Nitaendelea na Mburo nikipata muda. Wenye zenu wekeni.

Kobe Mzee

Nimeweka kambi. Endelea mkuu.

Fundi wa Ndeeba

Uzi wa kutembea bila picha?

Dereva wa Malaba

Yaani mtu analipa getini ili atembee kwa miguu? Bibi yangu Tororo alitembea kila siku ya maisha yake na hakuna aliyemkatia tiketi. Mjini kuna mambo.

Mguu wa Mwanza

Dereva, bibi yako alikuwa na ndoo kichwani. Mimi nimebeba chupa ya maji na goti bovu. Ukiingia bustani ya Entebbe unalipa, si pesa ya kukufanya uuze redio. Kwenye mbuga za taifa kuna kiwango cha wananchi wa Afrika Mashariki, tofauti kabisa na cha wageni wa mbali, kwa hiyo mtu wa Tanzania, Kenya au Rwanda usiache kitambulisho nyumbani. Mimi nilikiacha mara moja. Sitaki kuizungumzia siku hiyo.

Hajati wa Bombo

Asante mwanangu kwa uzi. Swali, ukingo wa ziwa unaruhusu kuingiza miguu majini? Yangu huvimba na maji baridi huisaidia.

Mguu wa Mwanza

Shikamoo Hajati. Nakuomba usiingize. Ziwa Victoria lina kichocho. Wadudu wake wanatoka kwenye konokono wa majini, hasa palipo na majani na maji yaliyotulia, na wanapenya kwenye ngozi hata kama huna kidonda. Sisi wa Mwanza tumekua tukiogelea mle na kila mtu alikuwa anasema "mimi sina". Nilipopimwa ukubwani nilikuwa nacho, nikapewa prazikwanteli, vidonge vikubwa kama vya ng'ombe. Kwa miguu inayovimba beba beseni, maji ya bomba yapo.

Kobe Mzee

Vidonge vya ng'ombe nimecheka. Ni kweli lakini.

Mguu wa Mwanza

Haya, Ziwa Mburo.

Hii si ya Jumapili moja, lala huko usiku mmoja kama unaweza. Unashika barabara ya Masaka, unavuka Ikweta pale Kayabwe, watu wamejaa kwenye duara la zege wakipiga picha mguu mmoja kaskazini, mwingine kusini. Unafika Lukaya, na hapo kabla gari halijasimama vizuri mishikaki ya muchomo na gonja imeshaingia dirishani pamoja na mikono sita. Nunua, hutajuta. Unapita Masaka, unapita Lyantonde, na kabla ya Mbarara unakata kushoto kuingia mbugani. Kutoka Kampala ni kama saa nne za gari, ukiondoa saa ya muchomo.

Nikaichagua Mburo kwa sababu ni mbuga unayoweza kutembea kwa miguu, na askari wa hifadhi mwenye bunduki anakutangulia. Ni ndogo, kilomita za mraba 370 tu, tembo hakuna, na simba ni wa kuhesabu. Waliobaki ni watu wa amani: pundamilia, pofu, ngiri, na swala pala. Huyu swala pala mkumbuke, maana Kampala yenyewe imepewa jina lake, kilima cha empala. Leo ukitaka kumwona inabidi uwakimbie wenye jina na uje huku. Twiga nao wapo, waliletwa kumi na tano kutoka Murchison mwaka 2015.

Tulianza saa moja asubuhi. Afande wetu, kijana mrefu, aliposikia lafudhi yangu akafurahi, akahama Kiingereza kabisa. Nyie mnaojiuliza Kiswahili Uganda kiko wapi, kiko kwa wenye sare. Akatupanga mstari mmoja, yeye mbele, Ssenga katikati, mimi nyuma. Akamtazama Ssenga juu mpaka chini, akasema, "Mama, hiyo buluu itakuletea marafiki." Ssenga alikuwa ameweka shali la buluu. Mbung'o hupenda buluu na nyeusi, na kabla ya saa moja kupita alikuwa amelikunja ameliweka ndani ya mkoba wangu, na marafiki wakahamia kwangu.

Ardhi ni tambarare, majani yamekatwa mafupi na meno ya wanyama, unakanyaga kama zulia kuukuu. Afande kila baada ya muda anaokota vumbi, analiachia vidoleni, anaangalia linakoelekea. Upepo ukiwa unatoka kwetu kwenda kwa nyati tunazunguka. Tuliwaona nyati wawili madume wazee mbali, wamelala, tukazunguka kweli kweli. Lakini pundamilia walituacha tusogee mpaka nikasikia wanavyokata majani, ile krrp, krrp, kama mtu anachana kanga. Ssenga aliwatazama muda mrefu akauliza kwa nini wote wana mimba. Afande akamwambia wengine ni madume, mama, ndivyo walivyo, mwaka mzima wananenepa hata kiangazi. Ssenga akasema hao ndio wakwe wa kutafuta.

Ukaribiapo ziwa njia zinakuwa na mifereji miwili midogo sambamba. Ni njia ya viboko, mguu wa kulia mfereji wake, wa kushoto wake. Afande akapunguza sauti. Akatusimulia hapo kisa cha watu wa huko: walikuwapo ndugu wawili bondeni, Kigarama na Mburo. Kigarama akaota hatari inakuja, akamsihi mdogo wake wapande vilimani. Mburo akaona ni ndoto tu, akabaki. Maji yakaja yakamfunika. Ziwa likaitwa kwa jina lake na vilima vikaitwa kwa jina la kaka yake, na mpaka leo wanatazamana.

Tulitembea saa mbili unusu. Goti halikusema kitu.

Afande Mstaafu

Umeeleza vizuri ila kwenye viboko umepita haraka, na hapo ndipo watu wanapofia. Kiboko usiku anatoka majini kula majani, alfajiri anarudi. Yeye akiogopa hana wazo lingine ila kukimbilia maji. Ukiwa umesimama kati yake na maji, wewe ni kizuizi, basi. Hakuchukii. Atapita juu yako. Kwa hiyo kandokando ya ziwa lolote lenye viboko, iwe mbugani au kijijini, usiwe majini kabla jua halijapanda, wala usirudi jioni kupitia njia zenye ile mifereji miwili. Ukimkuta nchi kavu, tafuta mti mnene au kichuguu ukae nyuma yake, umwachie upande wa maji.

Na bunduki ya askari ni ya kupiga hewani kwanza. Miaka yote niliyofanya kazi hiyo niliitumia hivyo mara mbili.

Mguu wa Mwanza

Asante afande. Hili nimelinakili.

Nyanjura wa Kabale

Naona mmeenda Masaka mkageuza. Bunyonyi mmeiacha wapi?

Ziwa letu liko juu, karibu mita 2,000, kuna visiwa 29, na hakuna kiboko wala mamba. Asubuhi ukungu umelalia maji, huoni kisiwa hata kimoja, halafu vinaanza kutokea kimoja kimoja kama wageni wa arusi waliochelewa. Njia ya kandokando inapita katikati ya mashamba ya watu, viazi, maharage, mtama, kwa hiyo unasalimia kila baada ya hatua kumi. Usipite bila kusalimia, tutakukumbuka. Ndege wadogo ndio walioipa jina, Bunyonyi ni mahali pa videge vingi. Ukichoka kutembea pandeni mtumbwi wa gogo, ila msishike kasia wenyewe, mgeni akilishika mtumbwi unazunguka palepale kama kuku aliyekatwa kichwa, na watoto wa ukingoni wanakaa chini kucheka.

Kisiwa cha Bwama walikuwa wakitibiwa wenye ukoma tangu miaka ya 1930, daktari Mwingereza Leonard Sharp ndiye aliyeanzisha. Siku hizi kuna shule. Kukizunguka kwa mguu ni kazi ya asubuhi moja.

Mguu wa Mwanza

Dada Nyanjura, nilifika Bunyonyi. Uzuri sibishi. Lakini wewe ni Mukiga, kilima kwako ni sebule. Uliposema "njia ya kandokando" mimi nilipanda, nikashuka, nikapanda tena, na kila niliyemuuliza aliniambia "ni hapo tu". Hapo tu ya Kabale goti langu halijaisahau. Kwa kipimo cha gomesi, Bunyonyi tunaipa mtumbwi na kisiwa, njia ya juu tunawaachia vijana.

Nyanjura wa Kabale

Haha sawa. Ni hapo tu kweli lakini.

Mtoro wa Kasenda

Fort Portal na sisi tupo. Ukitoa noti ya elfu ishirini mfukoni uangalie lile ziwa lililochorwa, ni Nyinambuga, liko huku Kasenda kwenye maziwa ya volkano. Unaweza kutoka ziwa moja hadi jingine kwa mguu, ila kingo zake ni za kuporomoka, mwenye goti abaki juu kwenye njia ya ng'ombe, macho ndiyo yashuke.

Cha rahisi hasa ni Bigodi. Kinamasi cha mafunjo kando ya msitu wa Kibale, kinatunzwa na wanakijiji wenyewe tangu 1992, na pesa ya mgeni inaonekana shuleni na kliniki. Unazunguka pole pole saa tatu hivi na kijana wa pale pale. Mbega wekundu, nyani, na shorobo mkubwa wa buluu mwenye kishungi, ambaye ukimwona mara ya kwanza utadhani kuna mtu amemfuga. Sehemu nyingine unapita juu ya mbao, na zikinyeshewa zinateleza kama sabuni. Waulize viatu vya mpira kabla hujaanza, si baada. Mimi niliuliza baada.

Fundi wa Ndeeba

Na picha bado.

Msukuma Baiskeli

Kuna mtu amewahi kulizwa? Mimi mahali fulani kando ya ziwa, sipataji, jamaa alitokea na kofia na daftari akasema yeye ndiye mwongozaji rasmi. Nikalipa. Tulipofika mbele tukakutana na mwongozaji rasmi mwingine, ana kofia na daftari. Nikalipa tena. Wa tatu nilimkuta amekaa na wale wawili wanakunywa soda.

Mguu wa Mwanza

Pole sana. Lipia ofisini au getini, dai risiti, na mwongozaji aje kutoka humo ndani.

Hajati wa Bombo

Mwanangu na Mabamba je? Wajukuu wanataka kumwona yule korongo mwenye mdomo kama kiatu.

Mguu wa Mwanza

Hajati, Mabamba tumekwenda, ila pale miguu inapumzika, ni mtumbwi ndani ya mafunjo. Korongo-nyangumi tulimwona kwa hatua kama ishirini, amesimama kama sanamu ya serikali, dakika kumi hakupepesa. Anamvizia kamongo. Zamani wavuvi wa pale walikuwa wanamuua kwa kuamini akionekana siku hiyo nyavu zinarudi tupu, na samaki wenyewe wanagombania ni huyo huyo kamongo. Sasa ni haohao wanaotupeleka kumwona, na wanapigiana simu kujua amesimama wapi.

Kioja ni kwamba Ssenga alimshangilia kamongo. Korongo akachomoa mdomo mtupu, Ssenga akapiga makofi, mtumbwi ukayumba. Yeye ni wa ukoo wa Mamba, na mamba kwa Kiganda ndiyo kamongo, si yule mwenye meno mnayemfahamu. Hawamli, ni mwiko wao.

Mtoto wa Kitoro

Mguu wa Mwanza subiri kidogo. Ssenga wako ni wa Mamba? Na Entebbe anasimama ukingoni anatazama maji?

Mimi nimezaliwa hapa Entebbe. Jina la mji huu ni entebe, yaani kiti. Wenye ukoo wa Mamba wanasimulia kuwa mkubwa wao, Mugula, alichonga viti ardhini hapa akawa anakaa na watu wake. Entebe za Mugula, viti vya Mugula. Viti vyenyewe vimefunikwa na ziwa. Umewahi kumuuliza anatazama nini?

Mguu wa Mwanza

Sijawahi. Nilidhani anapumzika.

Kobe Mzee

Muulize bwana, usituache hapa.

Mguu wa Mwanza

Wakuu nimerudi. Leo tulikwenda Entebbe. Ukingo wa pale ulishaliwa sana mwaka 2020, maji yalipopanda mpaka mita 13.42 kwenye kipimo cha Jinja, yakaipita hata rekodi ya 1964. Kuna mti ambao nikija zamani ulikuwa nchi kavu, sasa shina lake limebaki na alama ya maji kiunoni kwangu. Ssenga akasimama pale pale pake. Nikamuuliza kama anatazama viti vya Mugula.

Akaniuliza nimeambiwa na nani. Nikasema watu wa mtandaoni. Akacheka. Akasema baba yake alimleta hapa akiwa msichana mdogo, wakitembea kwa miguu kutoka kwa ndugu zao upande wa Katabi, akamwonyesha kwa kidole: vile pale, chini ya maji. Yeye hakuona kitu, aliona maji, lakini kidole anakikumbuka kilielekea wapi. Kila tukija anaangalia palepale. Nikamwambia, Ssenga, miaka miwili yote hukuniambia. Akajibu, "Mwana wange, wewe ulisema tunatembea tu."

Tulikaa kidogo zaidi ya kawaida. Gonja hatukufungua.

Fundi wa Ndeeba, picha nimepiga moja, lakini ni ya maji matupu. Sijui kama utaridhika.

Jumapili ijayo tunakwenda msitu wa Mpanga, karibu na Mpigi, ni tambarare na kivuli tupu, na ukitoka unapitia Mpambire kuwaona wachonga ngoma. Tunapanda teksi za Masaka saa moja na nusu asubuhi. Hajati, kama unakuja niambie mapema, na wajukuu waje na soksi ndefu, mle kuna siafu.